Tumepaka Rangi Ukuta wa Bi Hayat, Naye Anasema Haidhuru

Majengo, Pumwani
Mei 1996

Mpendwa Mama Norah wa ukurasa wa ushauri,

Naomba msaada wako, lakini kabla sijaomba nikuambie wazi kwamba mimi si mtu wa kuandikia magazeti, na wale wanawake wanaokuandikia kila wiki ati mume hakuja nyumbani, ati mume amekuja lakini amenuna, mimi huwasoma nikasonya, kwa hivyo ukiona leo na mimi nimeshika kalamu ujue maji yamenifika hapa shingoni. Shule sikwenda, nilijifunza kusoma gumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa tayari nyanya wa mtu, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijaandikiwa, kwa hivyo herufi zikipanda na kushuka kama njia za milimani kwetu Mbooni usinicheke, na ukinijibu usinijibu kwa Kiingereza.

Jina langu ni Ndunge, naishi katika nyumba ya Bi Hayat, na ukimuuliza mtu yeyote kutoka Soko la Burma mpaka msikitini atakuonyesha, ni ile ya udongo na miti yenye baraza ndefu mbele na mlango uliochongwa maua, ilijengwa na babu wa marehemu Haji, Haji ambaye alikuwa mume wa Bi Hayat, wakati Wazungu walipokuwa wakiwahamishia watu huku, na jina la babu huyo na mwaka aliojenga vimeandikwa juu ya mlango kwa plasta, herufi za kunyanyuka, hata kipofu anaweza kuzisoma kwa kidole. Mwaka jana alikuja kijana mmoja na kamera akasema yeye ni mtu wa mambo ya kale, akaipiga nyumba picha mbele na nyuma, akasema za namna hii zimebaki chache sana Nairobi, nami nikamwambia mimi pia nimebaki mmoja, nipige, akacheka lakini hakunipiga.

Sasa nikuambie Bi Hayat ni nani kwangu, maana usipojua hilo hutaelewa kitu. Mimi nilikuja hapa na mume wangu Munyao, mchonga vinyago, mtu wa twiga na vifaru vya watalii, akafa tukiwa bado wageni, akaniacha na binti mdogo na chumba nisichojua nitakilipiaje, na Haji akaniita barazani akaniambia chumba nisiwe na wasiwasi nacho, na baraza nayo asubuhi ni yangu, niweke karai langu nipike mpaka nijiweze. Bi Hayat alikuwa bibi harusi wa juzi, hina bado mikononi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kukanda mahamri kwa tui la nazi, mimi Mkamba wa milimani ambaye nazi nilikuwa naiona kwenye picha tu.

Binti yangu alipokuwa mkubwa akajifungua mjukuu wangu Ndanu, na damu haikukatika, tukamzika kabla mtoto hajapewa jina. Maziwa ya kopo mtoto akawa anayatapika, analia mpaka sauti inakauka. Bi Hayat alikuwa ananyonyesha mwanawe Zaid, hakuniuliza dini wala kabila, akamtwaa mikononi mwangu akampa titi la pili, akasema tangu leo hawa ni ndugu, hawawezi kuoana, na ndivyo sheria yao inavyosema kweli. Kwa hiyo Ndanu wangu ni mtoto wa maziwa ya Bi Hayat, na kila Jumapili kanisani watu wakiambiwa wasimame washukuru, mimi nasimama namtaja Mwislamu, na mchungaji ameshazoea.

Katika nyumba hii tuna desturi. Kila mwaka kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, wapangaji wote, wa msikitini na wa kanisani, tunapaka chokaa ukuta wa mbele, na wa kuichanganya ni mimi maana hao wengine wanaifanya maji ya kuoshea mchele, na kazi ikiisha Bi Hayat anatuletea pilau hapo hapo barazani tunakula na chokaa kwenye nywele. Hakuna aliyewahi kuandika kitu kwenye ukuta ule. Mimi nimeuza mahamri hapo tangu ujana wangu bila kibao, harufu ndiyo kibao.

Sasa sikia kilichotokea. Ndanu alikuwa kibarua kwenye kiwanda huko karibu na Mukuru kwa Njenga, anakwenda kwa miguu anarudi kwa miguu, anakung'uta magunia, vumbi likamwingia kifuani mpaka akilala kifua kinapiga filimbi, nikamwambia wacha, nitakulisha, akaacha, akajifunza kusuka na kupiga nywele pasi, na Bi Hayat akampa chumba cha kona afungue saluni. Akaning'iniza kioo, akapanga viti, akangoja. Watu hawakuja. Chumba kinatazama ndani, mtu wa barabarani atajuaje humu mna saluni? Msichana akaanza kusema atarudi kiwandani, na hilo mimi siliwezi, maana nilishamzika mama yake.

Hapo ndipo jirani yetu Javan, fundi wa redio wa chumba cha upande wa pili, alipoleta habari ya kampuni ya soda, kwamba inapaka ukuta wote rangi yake nyekundu, inachora chupa yake, na chini yake inaandika jina la biashara yako, yote bure. Mtu wa Eastlands akisikia bure masikio yanaziba. Wakanijia wote wawili, wao huniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, wakasema Susu, wewe muombe Bi Hayat, wewe hawezi kukukatalia. Nikawaambia ndiyo sababu siendi. Mtu ambaye hajawahi kunikatalia kitu siwezi kwenda kumwomba kitu cha namna hiyo, nitakuwa namwibia akitazama. Wakaenda zao, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe Ndanu akadhani Javan amekwenda kuuliza, na Javan akadhani mimi nimelainika nimeuliza, akaitia sahihi karatasi ya kampuni kama vile ukuta ule umetoka jikoni kwa mama yake.

Fundi wa rangi alikuja siku Bi Hayat amekwenda msibani Eastleigh. Mimi nilikuwa kwenye karai, nikaona mtu na ngazi, nikadhani amekuja kuziba mabati yanayovuja, nikampa chai na mahamri, kwa sababu mtu akija nyumbani kwenu asubuhi na ngazi begani unampa chai, hiyo ni adabu, si ruhusa, lakini Javan alipoona napeleka chai akasema basi, Susu amekubali. Nikaenda sokoni kununua unga. Niliporudi nikakuta nusu ya ukuta, kutoka kona mpaka mlangoni, nyekundu kama kidonda, na chupa ndefu kuliko mimi, na chini kabisa Ndanu Saluni, herufi ndogo kama mtu anayeomba radhi.

Bi Hayat akarudi na buibui lake, macho yamevimba kwa kilio cha msiba, akasimama barabarani akatazama. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yoyote. Akasema, "Haidhuru, dada. Vijana nao watafute." Akaingia ndani, na baadaye akamtumia yule fundi sahani ya pilau iliyotoka msibani.

Jioni ile mvua ya masika ikaanza, na rangi ya mafuta inataka ukuta mkavu, kwa hivyo fundi akafunga makopo yake akasema mvua ikikatika atarudi kumaliza nusu iliyobaki, ya Javan na redio zake, pamoja na juu ya mlango, maana kampuni inataka kuandika jina lake pale penye jina la babu.

Tangu siku ile Bi Hayat hapiti mlango wa mbele. Anazunguka uchochoroni, anaruka mtaro wa maji machafu, anaingia kwa mlango wa uani. Nilimuuliza, akasema ni goti, kidato cha mbele kinamsumbua. Mama Norah, kidato cha nyuma ndicho kirefu, hata mbuzi hukifikiria kwanza. Barazani haketi tena alasiri. Vingine vyote ni vile vile, salamu ni ile ile, chai ananitumia, anacheka, na hapo ndipo ninapoogopa, afadhali angenitukana nikajua pa kushika.

Na ubaya ni kwamba wateja wamekuja. Siku hizi Jumamosi wanawake wanajaa barazani wakingoja zamu, kifua cha Ndanu kimenyamaza, amenunua kiti cha kuoshea nywele, cha kulaza kichwa nyuma. Nikimwambia habari ya Bi Hayat ananiambia, "Susu, mwenyewe amesema haidhuru. Mbona wewe ndiye unadhurika?" Tena mtu anayejua kazi ya rangi ameniambia kwamba juu ya rangi ya mafuta chokaa haishiki, itabanduka kama ngozi ya mtoto aliyetoka kwenye surua, kwa hivyo hata ile desturi yetu imekwisha na hao wajinga hawajui.

Nikienda kwa Bi Hayat nimwambie tuifute, atasema msifute, kwa ajili ya Ndanu, na ataendelea kuruka mtaro mpaka siku ya kufa. Nikimlazimisha Ndanu afute, nimemrudisha kwenye vumbi kwa mkono wangu. Nikikaa kimya, mvua itakatika.

Nifanye nini? Na usiniambie niombe Mungu, hilo nimeshafanya.

Ni mimi,
Ndunge wa mahamri.

*

Mama Ndunge,

Shikamoo. Nikishakuamkia niruhusu nikuseme, maana naona hujazoea kusemwa, na pengine ndiyo sababu mambo yamefika hapa.

Kwanza nilicheka, halafu nikaacha. Wewe ulimpa fundi chai, Bi Hayat akampa pilau, mtoto wa watu akashiba pande zote mbili, na katika nyumba nzima hakukuwa na kinywa kimoja cha kumwambia shuka kwenye ngazi. Hiyo ndiyo adabu yenu nyinyi wawili. Ni nzuri sana, na imeupaka ukuta rangi nyekundu.

Unasema hutaki kumwomba kwa sababu hajawahi kukukatalia. Nimekuelewa, na wengi wanaoniandikia hawana hata nusu ya moyo huo. Lakini tazama ulichomfanyia. Umemfanya Bi Hayat kuwa mtu wa kushukuriwa tu, na mtu wa kushukuriwa tu hana nafasi ya kukasirika. Kila Jumapili unamtaja mbele ya watu wasiomjua. Yeye mwenyewe ulimuuliza lini anachotaka? Sisemi kumwomba, mama, nasema kumuuliza. Umekaa naye tangu ana hina mikononi na bado unaupima moyo wake kwa kuangalia anapita mlango gani.

Tena hujui kinachomuuma. Unadhani ni rangi. Huenda ni jina la babu wa mumewe. Huenda ni ile chupa. Huenda ni kutoka msibani amechoka kwa kulia, akakuta nyumba yake imebadilishwa na hakuna aliyemwambia hata pole. Mimi sijui, nimeketi mezani kwangu mjini. Wewe na yeye mnatenganishwa na ukuta mmoja na hujui, na hiyo ndiyo aibu yenu.

Basi fanyeni hivi. Javan aende kwenye hiyo kampuni sasa, wakati mvua bado inanyesha, awaambie kwamba yeye ni mpangaji, ukuta si wake, na mwenye nyumba hakutia sahihi. Aende kwa miguu yake. Akiona haya, haya hiyo ni yake, aibebe. Fundi asirudi na ngazi mpaka mwenye nyumba aseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Na Ndanu naye, mpe gazeti hili asome, usilifungie mahamri. Binti, aliyenyonya ni wewe. Nyanya yako amekubebea shukrani zako tangu uzaliwe mpaka umesahau kwamba ni zako. Unasema mwenyewe amesema haidhuru. Mwenyewe ni mama yako wa maziwa, na mama akisema haidhuru huku anaruka mtaro wa maji machafu kuingia nyumbani kwake, mtoto anatakiwa aone. Biashara yako siidharau hata kidogo, na kwenye vumbi usirudi. Lakini mwanamke uliyemsuka vizuri anaijua njia tayari, na ambaye hajaijua ataonyeshwa na ubao. Chukua ubao, andika jina lako, liwe kubwa, liwe lako peke yake bila chupa ya mtu, uutundike kwa waya kwenye boriti ya baraza, uutoe asubuhi uurudishe ndani jioni. Javan atengeneze wake kwa kipimo hicho hicho, msije mkashindana. Pa kutundika achague Bi Hayat. Msumari usiguse ukuta ule, na juu ya mlango usiende mkono wa mtu. Nyumba kongwe hupokea biashara mpya kama inavyopokea mpangaji mpya, lakini mpangaji hamvui mwenye nyumba nguo ili apate pa kutundika zake.

Rangi iliyokwisha kupakwa, walioileta ndio wa kuikwangua, na plasta ya juu ikitoka nayo, wao ndio watakaoipiga upya ili chokaa ipate pa kushika. Ila msianze leo. Najua wewe, Mama Ndunge, ukishafika hapa utataka kushika kisu na kuanza kukwangua kabla hujamaliza kusoma. Mkikwangua bila kumuuliza mtakuwa mmemfanyia mara ya pili lile mlilomfanyia mara ya kwanza.

La kwanza ni kumwendea. Nendeni wewe na Ndanu, mchana, chumbani kwake, mbali na wateja. Usipeleke mahamri. Sahani ibaki nyumbani, maana nyinyi mkishaanza kulishana hamtasema kitu. Ndanu ndiye aseme, wewe uketi kando. Aseme hivi: "Mama, tulipaka ukuta wako bila kukuuliza. Unataka ukuta wako uweje?" Asitaje ubao, asitaje wateja, asitaje kifua chake. Akitaja kifua, Bi Hayat atamhurumia, na mkishahurumiwa mmerudi pale pale.

Halafu mnyamaze. Kwako hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kuliko kuchanganya chokaa, lakini utaifanya. Bi Hayat atasema haidhuru. Msiinuke. Ndanu amuulize tena, pole pole, kwa maneno yale yale. Huenda akasema haidhuru mara ya pili, akatafuta kikombe cha kuosha. Kaeni. Akigeuka awatazame usoni, mtoto aliyemnyonyesha na mwanamke aliyezeeka naye, haidhuru ya tatu haitapanda kooni. Litakalotoka badala yake, hata likiwa kali, hata likikuhusu wewe Ndunge, usijitetee. Lipokee, umwambie asante kwa kukuambia, kisha mfanye kama alivyosema.

Mama Norah